"Kali sana mkuu" haimsaidii mtu: mwongozo kamili wa kutoa maoni kwenye picha na editi za wenzako

Kila anayepiga picha kwa kujifurahisha hii anaijua. Umekaa na picha siku mbili, umeiediti, umefuta, umeanza upya, mwishowe unamtumia mwenzako unayemwamini halafu yeye anakurudishia vimoto vitatu na "kali sana mkuu". Basi. Unabaki hujui kama lile anga ulilolivuta limekaa vizuri au umeliharibu, hujui hata kama ameiangalia au alikuwa anavuka barabara. Na upande wa pili yupo yule ambaye kila picha kwake ina kasoro, imelala, ina chenga (zile punje zinazochafua picha), mi ningepigia huku, ukimaliza kumsoma unatamani kuuza kamera. Wote wawili wamekunyima kitu kilekile: hawajakuambia picha imewafanya waone nini, na wewe ukirudi kwenye ile picha uguse wapi.

Mi nimewahi kuwa wa kwanza na nimewahi kuwa wa pili, kwa hiyo nayoandika hapa ni yale niliyojifunza kwa kuharibu. Fuata kwa mpangilio huu mpaka uzoee, baadaye utajikuta unaruka hatua mwenyewe.

Kabla ya yote, kagua skrini yako

Naanza na hii sababu imeniaibisha. Kuna jamaa alinitumia picha ya mtoto karibu na dirisha, usiku, mi nikamwandikia aya nzima kwamba ngozi imekuwa njano mno, apunguze joto la rangi, nikamwelekeza mpaka aende wapi na slaida (kile kitufe cha kusogeza kwenye programu ya editi). Akanijibu kwa upole tu, "kaka, angalia kama hujawasha ile filta ya usiku". Nilikuwa nimeiwasha. Ile inayopunguza bluu ili macho yasichoke, inafanya kila kitu kiwe cha njano. Tangu siku hiyo siongelei rangi ya picha ya mtu kabla sijazima filta, na nazima pia ile skrini kujibadilisha mwanga yenyewe, maana ukiwa juani simu inaongeza mwanga na ukiwa gizani inapunguza, halafu wewe unamwambia mwenzio picha yake ni nyeusi kumbe nyeusi ni simu yako.

Jambo la pili, hakikisha unachoangalia ndicho alichokitengeneza. Programu nyingi za kutumiana meseji zinabana picha ili iwe nyepesi, na ikibanwa inapoteza ukali na anga linaanza kutoka vipandevipande. Mwambie akutumie kama dokumenti, sio kama picha. La sivyo utamlaumu kwa kazi ya programu.

Na kama una nafasi, angalia kwenye skrini mbili, ya simu na ya kompyuta. Kasoro ikionekana kwenye zote mbili ni yake. Ikionekana kwenye moja, nyamaza kwanza.

Hatua ya 1: uliza, halafu uliza tena

Hapa ndipo wengi wanaparuka. Mtu katuma picha, wewe unashuka tu na maoni, kumbe hujui anataka nini. Niliwahi kutumiwa picha mbili za mandhari moja na dada mmoja, swali lake lilikuwa fupi kabisa, "ipi nichapishe niweke ukutani?" Mi nikamjazia makosa ya picha zote mbili, sijui horizoni (mstari wa upeo), sijui vivuli vimefunga, nikamaliza bila kujibu ipi. Hakunitumia picha tena kwa muda mrefu na alikuwa na haki.

Maswali yangu siku hizi ni manne, na siulizi yote kila mara. Ulitaka mtu akiangalia aone au ahisi nini? Picha inaenda wapi, ukutani, kwenye simu, kwenye albamu ya familia? Unataka maoni ya upigaji, ya editi, au ya vyote? Na faili ulilonalo ni RAW (data ghafi ya kamera) au JPEG (picha iliyokwisha kubanwa)? Hili la mwisho linaonekana la kifundi lakini ndilo linaamua kama ushauri wako unawezekana. JPEG ina ngazi 256 tu za mwanga kwa kila rangi, wakati RAW ya biti 14 ina ngazi 16,384. Maana yake ukimwambia mwenye JPEG afungue (ang'arishe) vivuli vya uso sana au avute anga la jioni kwa nguvu, anga litatoka na mistari kama ngazi na uso utajaa chenga, afu atadhani yeye ndiye hajui.

Ukikosa nafasi ya kuuliza yote, uliza la kwanza tu. Picha ya giza nene inaweza kuwa kosa, na inaweza kuwa ndio maana yenyewe ya picha, na huwezi kujua kwa kuangalia peke yake.

Hatua ya 2: angalia kwa utaratibu, kimya

Usianze kukuza. Najua vidole vinawasha, ila ukianza na asilimia 100 (saizi kamili ya faili, pikseli kwa pikseli) utaona chenga na kope kabla hujaiona picha. Mi naanza nayo ikiwa ndogo kabisa, saizi ya stempu. Ikiwa ndogo hivyo unabaki na maumbo na mwanga tu, na unajua papo hapo kama picha inasimama. Halafu naikuza ijae skrini, nafumba macho, nafumbua, najiuliza jicho limetua wapi kwanza, likaenda wapi, likakwama wapi. Hii naiandika pembeni kabla haijapotea, maana jicho la mara ya kwanza hulipati mara mbili. Ukishaitazama dakika tano umezoea, hata ile chupa ya plastiki iliyokuwa inakukera pembeni hauioni tena.

Baada ya hapo nazunguka kingo zote nne za fremu, polepole, kama mtu anayekagua uzio. Makosa mengi yanaishi huko: nusu ya mtu, tawi linalochungulia, bango linalong'aa kuliko uso. Kisha ndio nakuza asilimia 100 kuangalia fokasi na alama za editi.

Kuna ujanja mwingine, igeuze picha kushoto kulia kama ya kwenye kioo. Ubongo unaiona upya na mlalo wa horizoni au uzito kuegemea upande mmoja unajionyesha. Ama kunja macho mpaka uone ukungu, sehemu inayobaki inang'aa ndiyo inayovuta jicho, iwe alitaka au hakutaka.

Hatua ya 3: sema unachoona kabla ya unachofikiri

Sentensi ya kwanza ya maoni yako iwe ni ripoti ya macho yako, bila hukumu. "Jicho langu lilienda kwanza kwenye ile ndoo nyekundu, halafu ndio nikamwona bibi." Hapo hujasema ni kosa. Umempa taarifa ambayo yeye hawezi kuipata peke yake hata akae na picha mwaka mzima, sababu yeye alikuwepo. Yeye anajua bibi ndiye mhusika, alisikia sauti yake, alisikia upepo. Wewe una fremu tu. Na huo ndio utajiri wako kama mtoa maoni, hauhitaji kuwa fundi kuliko yeye, unahitaji kuwa mgeni kwenye picha yake na kusema kweli mgeni kaona nini.

Mara nyingi ukiisema hiyo tu mwenyewe anamalizia, "ahaa, kweli, ile ndoo, ntaipunguza". Kazi imeisha na hujakosoa chochote.

Hatua ya 4: tenganisha kosa la kupiga na kosa la kuediti

Kosa la editi anaweza kurekebisha leo usiku. Kosa la kupiga ni la safari ijayo, na ukimchanganyia atakaa saa tatu anasukuma slaida kutibu kitu kisichotibika. Kwa hiyo kila unachokiona kipe upande wake, na umwambie waziwazi: hii irekebishe, hii iweke akilini.

Chukua mfano wa "picha haijakaa sharp", komenti ambayo nadhani imeandikwa mara nyingi kuliko zote na haisaidii hata kidogo, maana kutokuwa kali kuna sababu kuu tatu tofauti na kila moja ina dawa yake. Kuza uangalie. Kama kila kitu kwenye fremu kimevutwa kuelekea upande mmoja, taa zimekuwa vijistari, huo ni mkono umetikisika, mwambie aongeze kasi ya shata (muda kamera inaoachia mwanga uingie uwe mfupi zaidi). Kanuni ya zamani ni 1 gawanya kwa urefu wa lenzi, yaani lenzi ya milimita 50 usishuke chini ya 1/50 ya sekunde, ya 200 usishuke chini ya 1/200. Kama ukuta na mti vimetulia ila mtu ndiye kayeyuka, mhusika alitembea, na hapo hata lenzi yenye kituliza mtikisiko haimsaidii, anahitaji 1/250 kwa mtu anayetembea taratibu na 1/500 mpaka 1/1000 kwa mtoto anayekimbia. Na kama uso ni ukungu lakini sikio au majani ya nyuma ni makali kabisa, basi fokasi ilidondoka pasipo pake, na ushauri ni kuweka nukta ya fokasi kwenye jicho lililo karibu na kamera, au kuacha f/1.8 aende f/4 (tundu dogo zaidi la lenzi) apate kina, yaani eneo kubwa zaidi lililo kali. Ona sasa, neno lilikuwa moja "haijakaa sharp", majibu matatu yasiyofanana.

Mwanga nao hivyohivyo. Kamera haijui imeelekezwa kwenye nini, inajaribu tu kufanya kila kitu kiwe na wastani wa kijivu. Ndio maana gauni jeupe linatoka la kijivujivu, na mtu wa ngozi nyeusi akisimama mbele ya anga jeupe uso unazama. Mwenzio anaweza kudhani kamera yake mbovu. Mwambie safari ijayo apime mwanga usoni, au aongeze eksposha (mwanga wa picha) kidogo kwa makusudi, na amgeuze mtu kama inawezekana. Na kuhusu anga lililoungua kabisa likawa jeupe pe, histogramu (ile grafu ya mwanga wa picha) imejibana ukuta wa kulia, hapo hakuna data, usimwambie "rudisha hailaiti" (sehemu zenye mwanga mkali), hakuna cha kurudisha. Vivuli ndio vina siri ndani yake, hasa kwenye RAW, weupe ulioungua hauna.

Vingine vya upigaji navitaja haraka: nguzo inayoota kichwani kwa mtu, pua kubwa kwa sababu amepiga karibu mno (umbali ndio unaofanya hivyo, arudi nyuma mita moja na nusu au mbili kisha avute lenzi), na viungo kukatwa kwenye maungio. Hili la mwisho niliambiwa mimi, "mbona watu wako wote hawana miguu kuanzia kwenye vifundo?" sentensi moja, miaka imepita na bado naisikia kila nikiweka jicho kwenye kamera. Kata katikati ya paja au katikati ya kiwiko na bega, usikate kwenye goti wala kifundo.

Hatua ya 5: soma editi kama unavyosoma mwandiko

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wanapogombana sana na ndipo wanaposaidiana kidogo.

Anza na kingo za vitu, pale mlima au paa linapokutana na anga. Ukiona utepe wa mwanga umezunguka paa kama taji, klariti (slaida ya kukoleza maelezo) au ukali umezidi, au amepunguza anga kwa brashi bila kufuata ukingo. Mwambie hivyo: "kuna utepe mweupe juu ya paa, nadhani ni klariti, jaribu kuipunguza nusu au uiweke kwenye mawe ya mbele tu". Angalia anga lenyewe, lina ngazi? Kona zimekuwa nyeusi kama umechungulia kwenye bomba? Vinyeti (hilo giza la kona) ikionekana kama vinyeti imeshazidi, kazi yake ni kusukuma jicho ndani bila mtu kujua amesukumwa.

Ngozi. Ukikuza asilimia 100 unatakiwa kuona vinyweleo, ukiona uso laini kama kikombe ujue kilainishi kimepita kila mahali, au ni programu ya kuondoa chenga imekula na ngozi. Chunusi ya wiki hii iondoke, sawa, kovu la miaka 20 ni la mtu, muulize kama mwenye uso alitaka liondoke. Na kwenye rangi ya ngozi naomba usiwe mpole sana: kuna editi zinamng'arisha mtu mpaka anatoka shedi mbili juu ya alivyo, mara nyingine mpigaji hakukusudia, alisukuma tu eksposha ya uso au ameweka preseti (mipangilio ya editi iliyoandaliwa tayari) iliyotengenezewa ngozi nyingine. Sema, "huyu dada namwona mikono ni kahawia iliyoiva, uso umepauka, vilinganishe". Mikono, shingo na masikio ndio mashahidi, haviongopi.

Rangi kwa jumla, tafuta kitu ambacho unajua kinatakiwa kuwa cheupe au kijivu, shati, karatasi, ukuta, weupe wa jicho. Kama weupe wa jicho ni wa kijani au wa njano, mwanga haujasawazishwa. Balbu ya zamani iko karibu na Kelvini 2,700 (Kelvini ni kipimo cha joto la rangi, ndogo ni ya njano, kubwa ni ya bluu), jua la mchana karibu na 5,500, kivulini inapanda kupita 7,000, na picha iliyopigwa ndani karibu na dirisha huku taa imewashwa ina mianga miwili kwa pamoja, shavu moja bluu jingine chungwa. Hiyo slaida moja haiitibu, mshauri atumie brashi upande mmoja, au aigeuze nyeusi na nyeupe na ugomvi uishe. Na mtu aliyekaa kwenye nyasi kidevu chake kinapata ukijani kutoka chini, hilo watu wengi hawalioni mpaka waonyeshwe.

Saturesheni (ukolevu wa rangi) iliyozidi inajulikana kwa kitu kimoja, maelezo ya ndani yanapotea. Ua jekundu linakuwa bonge jekundu, huoni petali. Badala ya "rangi zimezidi" sema "kwenye ua sioni tena mikunjo ya petali". Ya kwanza anaweza kukubishia kwamba ni ladha yake. Ya pili ataenda kuangalia.

Kisha ile potreti ya simu inayofifisha nyuma. Angalia nywele, miwani, sikio, kamba ya mkoba, nafasi kati ya mkono na kiuno. Simu inakisia mpaka wa mtu na mara nyingi hukosea hapohapo, utakuta nusu ya fremu ya miwani imeyeyuka na nyuma yote au kipande cha ukuta kati ya mkono na mwili bado ni kikali kabisa. Na kama amebadilisha anga, tazama vivuli vya ardhini vinaelekea wapi na jua la anga jipya liko wapi, tazama na maji, kama kuna bwawa na lenyewe linaonyesha anga la zamani basi kila mtu atajua hata kama hajui amejuaje.

Sasa kuhusu ladha. Kuna vitu sio makosa, havikufurahishi wewe tu: vivuli vya kijani, weusi uliopauka kama picha ya zamani, chenga za kuongeza kwa makusudi. Kipimo changu ni hiki, kama mwenyewe akijua imetokea angeiacha? Utepe kwenye paa hakuna anayeutaka akishauona. Weusi uliopauka wapo wanaoupenda na wataendelea kuupenda. Ladha ukiitaja, itaje kama ladha, "mi binafsi ningeacha weusi uwe mweusi, ila naona unakoelekea". Na tafadhali ile hoja ya "picha halisi haiguswi" iweke mfukoni. Ansel Adams, yule Mmarekani wa milima, alikuwa anakaa kwenye chumba cha giza aking'arisha hapa na kutia giza pale, na ile picha yake ya mwezi juu ya kijiji cha Hernandez ya mwaka 1941 alivyoichapisha miaka ya baadaye anga lilikuwa jeusi zaidi ya chapa za mwanzo. Mtu huyohuyo, negativu (filamu) hiyohiyo, ladha imehama.

Hatua ya 6: umeona kumi, sema mawili

Hii inauma, kwa sababu umeshafanya kazi ya kuyaona yote. Lakini mtu anabeba mambo mawili, labda matatu, yakizidi hapo hakumbuki hata moja, anakumbuka tu kwamba picha yake ni mbaya. Chagua lile ambalo likirekebishwa picha inabadilika zaidi, na lile ambalo atalitumia kwenye picha nyingine zote. Kwa mfano picha imelala nyuzi mbili, ina chenga kivulini, na uso uko gizani kuliko ukuta wa nyuma. Nitasema uso, na nitasema mlalo kwa sababu unatibika kwa sekunde tatu. Chenga nitaziacha zilale.

Kwenye maneno yenyewe mi nafuata mnyororo huu: nimeona nini, imefanya nini kwa picha, jaribu nini. Tuseme mtu kapiga mvuvi anatengeneza wavu. Maoni mabovu ni "background mbaya, kropu". Maoni yanayofaa ni kama hivi:

"Jicho langu lilitua mikononi mwake moja kwa moja, ule mwanga wa upande umeonyesha mishipa na uzi vizuri sana. Ila nikipanda kuelekea usoni nakatizwa na lile turubai la bluu juu kulia, linang'aa kuliko uso wake, kila nikimwangalia navutwa kule. Jaribu kupunguza saturesheni ya bluu peke yake na mwanga wake kwa brashi, au kata juu mpaka kwenye kofia uone ipi inakaa. Siku nyingine ukisogea hatua mbili kushoto nadhani turubai lingejificha nyuma yake."

Angalia hakuna "lakini" ya kufuta sifa, hakuna "wewe umekosea", lawama zote zimebebwa na turubai. Nimesema "jaribu" nikampa njia mbili, sikusema "fanya". Na ile sifa ya mwanzo sio sukari ya kumezea dawa, ni taarifa, anajua sasa mwanga wa upande kwenye mikono unafanya kazi kwa hiyo ataurudia. Sifa tupu inafundisha kidogo sana. Ukiipenda picha mpaka huna la kusema, bado jilazimishe useme ni nini hasa, wapi, na kwa nini, ndio ushauri mzuri kuliko wote maana unamwambia asibadilishe nini.

Acha kuongelea vifaa. "Ungekuwa na lenzi fulani" sio maoni, hiyo ni bei.

Kukropu na kanuni za theluthi

Kuna watu wanatoa maoni kwa kutembea na gridi ya theluthi (fremu inagawanywa tatu kwa tatu, mhusika anawekwa kwenye mistari) kama polisi. Kanuni hiyo kwa jina lake iliandikwa na msanii Mwingereza John Thomas Smith mwaka 1797, alikuwa anaongelea michoro ya mandhari, picha za kamera zenyewe bado hazijazaliwa. Ni zana, na mara nyingi ni zana nzuri, ila "mhusika hayuko kwenye theluthi" peke yake sio kosa. Kosa ni kama kukaa kwake katikati kumefanya picha ipoe, na hapo sema imepoa.

Ukitaka kupendekeza kukropu, yaani kukata kingo za picha, kumbuka hesabu. Faili la megapikseli 24 ni pikseli 6000 kwa 4000. Ukikata nusu kila upande unabaki na 3000 kwa 2000, yaani megapikseli 6, kwa simu inatosha kabisa, kwa kuchapisha kwa ubora wa nukta 300 kwa inchi unapata kama sentimita 25 kwa 17 tu. Kwa hiyo yule anayetaka kuweka ukutani mwambie mapema. Na asione aibu kukata: Henri Cartier-Bresson alijulikana kwa kutopenda picha zake zikatwe, na bado ile ya mtu anayeruka dimbwi nyuma ya stesheni ya Saint-Lazare, Paris 1932, ilikatwa, maana alipigia penye uzio.

Je, umrekebishie mwenyewe?

Omba ruhusa kwanza. Ni sentensi moja, "naweza kuijaribu nikuonyeshe ninachomaanisha?" Wengine wanapenda, wengine ni kama umeingia chumbani kwao ukapanga nguo. Ukiruhusiwa, badilisha kitu kimoja tu, kile unachokisema, usiingize na ladha yako ya rangi, halafu mrudishie ukiwa umeandika ulichofanya, slaida gani na kwa kiasi gani. Usiiweke popote, usiitunze. Na kama pichani kuna mtu, hasa mtoto, isitoke kwenye simu yako.

Njia ambayo mi naipenda zaidi ni kuchora juu ya skrinshoti, mduara hapa, mshale pale. Haigusi picha yake na anaelewa mara moja.

Kila mtu na dozi yake

Anayeanza mpe jambo moja, la upigaji, na lisiwe la slaida. Aliyekaa miaka kumi unaweza kumuuliza maswali badala ya kumpa majibu, "kwa nini umeacha ile nafasi kushoto?" utashangaa mara ngapi ana sababu na mara ngapi hana. Anayeleta picha ya msiba, ya mzazi, ya mtoto aliyezaliwa jana, huyo hajaleta picha ya kukosolewa hata kama ameandika "maoni yenu", soma mazingira.

Na yule anayebishana kila neno? Mi najibu mara moja kwa ufafanuzi, ya pili namwambia "sawa, wewe ndiye ulikuwepo", naachia hapo. Simfukuzii. Wengine wanabisha mchana na usiku wanaenda kurekebisha kimyakimya, nimewaona, na mimi mwenyewe nimo.

Toleo la pili likirudi

Akirekebisha akakutumia, usilichukulie kama picha mpya. Weka mbili pembeni kwa pembeni, angalia kwanza lile mlilokubaliana, turubai limetulia? Kama ndiyo, mwambie ndiyo na uishie hapo, usifungue orodha ya yale manane uliyoyameza. Kama amezidisha, na wengi wanazidisha, turubai sasa limekuwa la kijivu kama limekufa, mwambie arudi katikati ya toleo la kwanza na la pili. Kwenye programu yenye leya (matabaka ya editi) apunguze nguvu ya leya (opacity) mpaka karibu nusu, aache ikae usiku kucha, asubuhi aiangalie ikiwa ndogo kabla hajaikuza.

Na ikitokea toleo la kwanza lilikuwa bora, sema hivyohivyo: "nilikupoteza, rudi kwenye ile ya mwanzo, shusha tu mwanga wa turubai kidogo."